Shajara: chombo cha brasi kilichotoka ardhini Chunya

Jumamosi, usiku

Naandika haraka simu ina chaji kidogo. Leo tulikuwa na shemeji kwenye eneo lake la leseni huku upande wa Makongolosi, tunapitisha mashine kwenye korongo la zamani ambalo watu walishalichekecha miaka na miaka, ila ukweli ni kwamba korongo lililochekechwa na wazee bado lina vipande vidogo vidogo kwa hiyo huwa haturuki. Mashine ni GPX 5000, ile ya kutafutia dhahabu ardhini, ya kuazima. Wanaoijua watanielewa, hii mashine inatuma mapigo chini halafu inasikiliza kinachorudi, inakwenda chini kweli na haihangaishwi sana na udongo mwekundu wenye chuma kama huu wa kwetu, lakini kukutenganishia uchafu na dhahabu ndo shida, kila chuma ni mlio. Msumari mlio, kizibo cha soda mlio, kipande cha bati mlio. Unachimba tu bana.

Sasa kwenye mteremko juu kidogo ya korongo, sehemu ambayo hatukuwa hata na mpango nayo, nikapata mlio mpana, mzito, haukatiki hata nikiinua koili (ile sahani ya mashine inayopita chini) mpaka usawa wa goti. Shemeji akasema dumu au jembe, achana nalo. Mi nikaingiza sururu. Kikaja kitu kwenye kina cha kama mkono mpaka kiwiko, kimeshikana na udongo na vipande vya mawe meupe, kwatzi, yale yaliyopasuliwa na nyundo, sio yaliyoviringishwa na maji. (Hilo la mawe nililiandika tu kwa mazoea, baadaye limekuja kuwa na maana.)

Kimekaa kama kibirika cha kahawa kilichokatwa mkono. Kijani chote kwa kutu ya shaba. Kirefu kiganja, sehemu mbili zimekaa moja juu ya nyingine na katikati kuna mstari unaozunguka, juu kuna kamfuniko kadogo na kamkono kafupi, ubavuni kuna kitu kimechomoza kama pua, nyuma kuna kipande cha bati nene kimevunjika. Kizito kuliko kinavyoonekana, kitikise hakilii.

Nimekifunga kwenye kitambaa. Kesho mchana ndo nitakiangalia vizuri.

Jumapili

Kabla ya yote: hakuna kugonga, hakuna kufungua kwa nguvu, hakuna kukiweka jikoni "kikauke". Nimemwambia shemeji hivyo na watoto wa pale nyumbani nimewaambia kwa ukali zaidi. Huku kwetu watu wanasahau kwamba vita ya kwanza ilipita Nyanda za Juu Kusini, Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likaingia, Tukuyu hapo Wajerumani walikuwa na boma lao. Kwa hiyo chombo cha brasi chenye mstari wa kuzungushia katikati na kamkono kenye alama, cha kwanza unachotakiwa kujiuliza ni kama sio kichwa cha kombora. Vichwa vile navyo ni brasi na vina pete ya kuzungusha.

Nilichokifanya ni kukiangalia tu na kukipima. Sumaku haikamati mwili, inakamata kipande cha nyuma kwa shida sana, pengine kuna kapini ka chuma ndani. Urefu karibu sentimita 10. Kuta ni nyembamba, na hapo ndo nikapumua, kwa sababu sehemu ya chini imebonyea upande mmoja na ule mbonyeo ni wa bati jembamba lililosukumwa na jiwe, sio wa chuma kilichotengenezwa kistahimili kutoka kwenye mzinga. Kichwa cha kombora ni kipande kinene kilichochongwa kwa mashine, hakibonyei hivyo. Kingine, ile pua ya ubavuni ina tundu, na ndani ya tundu kuna kitu cheupe kigumu, udongo wa kuchoma kama ule wa kikombe, na katikati yake tundu dogo sana. Sindano ya kushonea haiingii.

Tundu dogo kwenye udongo wa kuchoma maana yake kuna kitu kinatoka pale kidogo kidogo, na pale pana moto. Sioni sababu nyingine ya mtu kuhangaika kuweka udongo wa kuchoma kwenye chombo cha brasi.

Kwa hiyo: sio silaha. Ni kitu cha gesi au mafuta.

Jumanne

Picha nimezipitisha kwenye ule utafutaji wa picha wa Google, zimeniletea chupa za manukato, birika la Kiarabu, na bomba la bafuni. Sawa.

Watu niliowaonyesha mkononi wana majibu mazuri zaidi. Muuza spea pale stendi kasema ni tochi ya gesi ya mafundi bomba. Mama mmoja wa chakula kasema ni kichwa cha jiko la mafuta, lile la kupampu. Jamaa wa skrepa hakujali ni nini, alikiweka kwenye mizani moja kwa moja akataja bei ya brasi kwa kilo, nikakichukua mikononi mwake. Nasema bila utani, nusu ya historia ya Chunya imeondoka kwa njia hiyo, imeyeyushwa na hakuna aliyeuliza ilikuwa nini.

Jiko la kupampu nimeliwaza sana maana linaelekea. Lakini jiko la kupampu au taa ya kupampu lazima iwe na pampu, na tangi lake linabeba presha kwa hiyo limefungwa kabisa. Hiki hakina pampu wala mahali ilipokaa pampu. Na kamfuniko ka juu kanafunguka kwa ukucha, hakana hata uzi wa kukazia, kangekuwa ka presha kangeruka usoni. Kwa hiyo kilichokuwa kinawekwa juu kilikuwa kinamiminwa tu, na kilikuwa kinashuka chenyewe.

Kinachonisumbua ni sehemu ya chini. Ule mstari wa katikati ni uzi, sehemu ya chini inafunguka kwa kuzungusha, ila imekwama.

Alhamisi, gereji

Leo ndo siku yenyewe.

Nilikuwa nimekiloweka kwenye maji safi tu, yale ya chupa, nabadilisha kila siku. Sikutia ndimu wala vinega kwenye mwili, na usitie, watu wanapenda kung'arisha brasi kwa ndimu lakini brasi ni shaba nyekundu na zinki, asidi inakula zinki kwanza, kitu kinabaki na rangi ya waridi na kinakuwa dhaifu, na herufi ndogo kama zilikuwepo ndo zimekwenda. Jana jioni nikaona ule uzi umeanza kutoa matope. Nikakipeleka kwa fundi wa kuchomelea, jirani yangu, mtu mzima, ana jiliwa la kushikia vitu laini bila kuvikwaruza kwa sababu huwa anaziba rejeta.

Alikishika kwa kitambaa, akazungusha taratibu huku ananiambia habari za mpira wa jana, na kikaachia. Ndani ya sehemu ya chini kumejaa kitu cha kijivu kinachoelekea weupe, kimegandamana, juu kimepasuka pasuka. Mi nikasema majivu. Fundi hata hakunijibu, akachukua kidogo kwa kucha, akakisugua kati ya vidole, akaenda nyuma ya gereji akarudi na kibonge kutoka kwenye lile rundo lake jeupe anakomwaga uchafu wa tangi la gesi, akaviweka pamoja juu ya meza.

"Haya makapi ya kabaidi, mdogo wangu. Mi namwaga ndoo nzima kila wiki."

Vilikuwa vitu viwili vinavyofanana kabisa, kimoja cha wiki hii na kingine sijui cha miaka mangapi.

Kwa ambao hawajawahi kukaa gereji: kabaidi ni yale mawe ya kijivu mafundi wanayonunua kwenye ngoma, ukiyatia maji yanatoa gesi ya asetilini, ndo inayochomelea. Kinachobaki ni chokaa, na hata huku watu wanaichukua kupaka kuta. Kilo moja ya kabaidi nzuri inatoa kama lita 300 za gesi. Mawe hayo yalianza kutengenezwa kwa wingi baada ya Thomas Willson kuyapata kwa bahati mwaka 1892 kule North Carolina, Marekani, alikuwa anatafuta kutengeneza aluminiamu kwenye tanuru la umeme, na miaka michache tu baadaye dunia nzima ilikuwa na taa za baiskeli, za magari na za migodini zinazowaka kwa gesi hiyo.

Basi hapo kila kitu kikajipanga chenyewe. Juu maji. Kamkono kale ni koki, unakasogeza kidogo kidogo maji yanadondoka tone tone kupitia kabomba ka katikati mpaka chini kwenye mawe. Gesi inapanda, inapita kwenye kichujio, inatokea kwenye lile tundu la udongo wa kuchoma, unawasha. Ukitaka mwanga zaidi unaongeza matone, ukitaka kuzima unafunga maji na unasubiri, haizimiki papo hapo kwa sababu mawe yaliyolowa yanaendelea kutoa gesi. Ni taa ya mchimbaji ya kuvaa kichwani, na kile kipande kilichovunjika nyuma ni ndoano ya kuchomeka kwenye kofia.

Fundi akaniongezea kitu ambacho sikukijua: asetilini haipitishwi kwenye bomba la shaba nyekundu tupu, inatengeneza unga unaolipuka ukiguswa. Brasi yenye zinki ya kutosha haina shida hiyo. Ndo maana hizi taa ni brasi, nilikuwa nafikiri ni urembo.

Alhamisi, usiku, vinega

Namwamini fundi ila nilitaka kujiridhisha, maana kitu cha kijivu kinaweza kuwa udongo tu uliojaa humo.

Chokaa ya kabaidi ikikaa miaka inakutana na hewa inageuka kuwa kama chaki, na chaki ukiitia vinega inatoa povu. Nikachukua vifuniko vitatu vya chupa. Kimoja nimeweka uchafu wa ndani ya taa, kingine makapi ya zamani ya fundi yaliyokauka chini kabisa ya rundo, kingine udongo mwekundu wa shimo lile lile nilipokichimba (nilikuwa nimebeba kwenye mfuko, zoezi la bure la kila siku, ukichimba kitu cha ajabu beba na udongo wake). Vinega matone machache kila kifuniko. Viwili vya kwanza vimechemka, unasikia kabisa ukiweka sikio, tsssss, na viputo vinapanda pembeni. Udongo mwekundu kimya, umelowa tu.

Kwa hiyo kilichomo hakikuingia kutoka ardhini. Kilikuwemo. Mtu alimaliza kuitumia hii taa na hakuimwaga makapi, na kila aliyewahi kuitumia anasema kumwaga makapi ndo kazi ya kwanza ukitoka, yakikauka humo yanakuwa saruji. Hii haikuwekwa kabatini. Ilidondoka au iliachwa ikiwa kazini.

Jumamosi

Mswaki laini, maji, kijiti cha meno. Saa nzima kwa eneo la kidole gumba. Kwenye mwili zimetokea herufi: PREM… halafu kutu, halafu chini yake LEEDS. Hapo hakuna tena kubahatisha, Premier walikuwa watengenezaji wa taa za kabaidi Leeds, Uingereza, na ndo moja ya taa zilizosambaa sana kwenye migodi ya Waingereza. Wamarekani walikuwa na zao, Justrite za Chicago, Auto-Lite na nyinginezo. Kwa koloni la Mwingereza kukuta ya Leeds ni kitu cha kutegemea.

Jina la kiwanda halikupi mwaka lakini, hizi walitengeneza kwa miongo.

Ila kitako kimenipa kitu kizuri zaidi kuliko jina. Kuna namba, 47, imegongwa kwa panchi za mkono, 7 imelala kidogo upande. Kiwandani hawagongi hivyo. Hiyo ni namba ya mwenye mali, maana yake kulikuwa na taa nyingi, na kulikuwa na mtu anayezihesabu.

Jumatatu, kwa babu

Kuna mzee huku, baba yake alifanya kazi Saza. Mgodi wa New Saza ulianza uzalishaji 1939 ukafungwa 1956, na enzi zake kwa dhahabu Tanganyika nzima ulikuwa unatajwa pamoja na Geita. Nikaenda na taa kwenye begi, sikuitoa kwanza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu, leo umekuja na mashine yako ya makelele?"

Nikaitoa. Hakuishika mwili, alienda moja kwa moja kwenye kale kamkono ka juu akakasukuma kwa kidole gumba, kisha akaziba lile tundu la mbele kwa kiganja na kuvuta kiganja haraka pembeni, ndo nikakumbuka kwamba hizi taa zilikuwa na kigurudumu cha kiberiti kwenye sahani ya kuakisi mwanga, unakusanya gesi kwa kiganja kisha unakipitisha, pap, inashika. Sahani haipo, kigurudumu hakipo, lakini mkono wa mzee unakumbuka vilipokuwa. Alikuwa mtoto, akiichezea ya baba yake.

"Karabai hii. Sio ya kupampu, hii ya maji."

Akasema taa haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kazi. Unaingia zamu unapewa taa yenye namba na kopo la mawe, ukitoka unarudisha, taa isiporudi wanajua kuna mtu hajatoka. Nikamgeuzia kitako. Akaisoma 47 akairudisha mezani, akaanza kuongea habari za mahindi.

Sidai kwamba hii ni ya Saza, nilipoichimba ni mbali na Saza. Zilikuwepo kampuni ndogo kibao Lupa, yaani maeneo ya dhahabu ya huku Chunya.

Jumatano, kuwaza kidogo

Sasa nirudi kwenye yale mawe meupe.

Dhahabu ya Lupa ilipatikana 1922, na miaka ya mwanzo ilikuwa ya makorongo, watu wanachekecha mchanga juani. Uingereza ikaacha kufunga pesa yake na dhahabu Septemba 1931, Marekani ikapandisha bei mpaka dola 35 kwa wakia 1934, rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, ikawa rashi kweli. Huhitaji taa kuchekecha mchanga. Makorongo yalipoanza kuchoka ndo wakaanza kuufuata mwamba wenyewe chini, na kwenye mwamba ndo panahitaji taa. Taa ya kampuni, yenye namba, kwenye mteremko juu ya korongo, ndani ya kwatzi iliyopasuliwa kwa nyundo: pale hapakuwa mahali pa kuchekecha. Kile ni kifusi. Na kifusi kimetoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, ambalo sisi tulikuwa tunalikanyaga kanyaga bila kulijua.

Nimempigia shemeji nikamwambia asipitishe mtu yeyote pale juu mpaka tuangalie, na kijana anayechunga mbuzi pale aambiwe. Maduara ya wakati ule walifunika kwa magogo, gogo linaoza, majani yanaota juu. Unaona uwanja mzuri tu.

Jumapili, porini tena

Tumekwenda na kamba na fito ndefu, tunagonga mbele kabla ya kukanyaga. Juu ya kifusi, kama hatua thelathini hivi, kuna sehemu imezama kidogo, duara la majani yaliyo kijani kuliko mengine. Fito imeingia yote. Ukidondosha jiwe linachukua muda kabla hujasikia kitu.

Hatujashuka na hatutashuka. Hewa ya shimo lililofungwa miaka mingi huichezei, na hata taa kama hii isingekusaidia kukupima, mwali wa asetilini unaendelea kuwaka kwenye hewa mbovu ambayo mshumaa ungeshazimika, kwa hiyo unaweza kuona mwanga upo ukafikiri na wewe upo salama. Tumezungushia miti ya miiba na utepe mwekundu, na mwenyekiti wa kitongoji ameletwa akaona kwa macho yake. Shemeji atalipeleka ofisi ya madini kwa sababu liko ndani ya leseni yake. Sura aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtu anayewaza mambo mawili kwa pamoja, hatari ya shimo na wale wazee waliufuata mwamba gani. Simlaumu.

Mashine nimeipitisha kwenye kifusi tu, upande wa chini. Misumari, kipande cha patasi ya kuchongea mwamba imeliwa kichwa, kopo la bati lililooza. Na sahani! Imekunjwa katikati, ina tundu la pua kati na ka-tundu ka pembeni ambapo kigurudumu kilikaa. Kigurudumu chenyewe hakipo, kile ni chuma, udongo ushakila.

Hali ilivyo sa hivi

Sahani inaingia kwenye pua ya taa, nimeijaribu bila kukaza. Sitainyoosha, brasi iliyokaa ardhini inapasuka ukiilazimisha.

Kila mtu anauliza naiwasha lini. Fundi aliiweka mpira mpya wa tyubu kwenye uzi, akaipulizia hewa kwa mdomo huku imepakwa maji ya sabuni, na mapovu yakatoka kwenye kiungo cha kitako, mstari mzima, pale ilipobonyea. Asetilini inashika moto ikiwa hata asilimia 2.5 tu kwenye hewa, kwa hiyo haiwashwi. Fundi amesema anaweza kuiziba kwa risasi ya kuyeyusha, nimekataa, 47 ipo sentimita moja tu kutoka hapo na risasi ikimwagika itaifunika.

Kuhusu sheria, kuna aliyeniuliza kama natakiwa kuisalimisha: sheria ya mambo ya kale ya 1964 inaangalia zaidi vitu vya kabla ya 1863, hii haifiki. Ila nimeandika karatasi yenye mahali ilipotoka, kina, mawe yaliyokuwa nayo na sampuli ya makapi kwenye kichupa, na vyote vinakaa pamoja na taa. Babu ameomba imfikie tena akiwa na mjukuu wake mwingine anayesoma Mbeya, atakuja likizo. Itakwenda wiki hiyo, na sahani yake.